Mama Mkwe Langoni Msimu wa Kodi

Mwaka kodi ya kichwa ilipofutwa, viwete wa kwetu walipona kwa mpigo. Niliona kwa macho yangu. Mzee mmoja aliyekuwa akija kituoni kila msimu wa kodi, mkono kiunoni na mdomo umepinda kwa uchungu, nilimkuta kwenye njia ya Ekerenyo amejitwika mkungu wa ndizi, anapiga mluzi, anapanda mlima kama mbuzi aliyeona chumvi. Nilipomsalimu aliitika kwa Kigusii, "Mbuya mono, Dresa," yaani njema sana, akaongeza mwendo. Sikumuuliza habari za kiuno.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya afya huniuliza ni dawa gani iliyokuwa na nguvu zaidi siku zetu. Mnangoja niseme penisilini. Penisilini ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini sijaona dawa iliyoinua watu wengi kwa pamoja kama lile tangazo la redio kwamba kodi imekwisha.

Nilikuwa dresa katika kituo kidogo cha afya upande wa Nyamira, kwenye mlima ambao jina lake nitalihifadhi kwa sababu wajukuu wa wale viwete bado wanaishi hapo. Dresa alifunga vidonda, alidunga sindano, alipima joto, na daktari mkuu asipokuwapo aliitwa daktari. Mkubwa wetu alikuwa Bwana Ogeto, mtu mrefu, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na moja tu iliyoandika.

Kodi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwanamume mzima alikadiriwa kipato chake na watu wa kanju, yaani halmashauri ya wilaya, akatakiwa alipe kila mwaka. Aliyelipa alipewa risiti na kuitunza kuliko cheti cha ndoa, kwa kuwa askari wa kanju waliweza kukuuliza risiti popote: sokoni, njiani, hata matangani kabla marehemu hajafukiwa. Aliyekosa alifungiwa katika chumba kimoja cha mabati kando ya ofisi ya chifu hadi ndugu zake wamkomboe. Lakini sheria ilikuwa na mlango mdogo wa nyuma. Mtu mgonjwa asiyeweza kazi aliweza kusamehewa, na wa kusema kwamba ni mgonjwa walikuwa sisi.

Basi mlango huo ulivunjwa bawaba.

Msimu ulipoanza, walikuja kwa makundi. Wengine walisahau mguu wanaouchechemea. Mmoja alichechemea wa kulia akiingia na wa kushoto akitoka, na Bwana Ogeto alipomwonyesha, alijibu kwa utulivu kwamba maumivu yamehama. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hamtalisoma chuoni: usitazame mguu, tazama fimbo. Fimbo ya kiwete wa kweli ni nyeusi na laini pale anaposhika, na ncha yake imelika upande mmoja. Fimbo ya kiwete wa kodi ina gome, na ukiigusa utomvu unakunata vidoleni. Imekatwa asubuhi hiyo. Nyuma ya jiko letu palikuwa na rundo la fimbo mbichi zilizosahauliwa na wenye kupata barua zao. Mpishi wetu, Mama Bosibori, alizikausha akazipikia uji wa wagonjwa.

"Serikali haituletei kuni," alisema, "lakini kodi inatuletea."

Tulicheka sana. Sikuona wakati ule kwamba kila fimbo mbichi ilikuwa inamnyima mtu mwingine. Wazee waliokaa kwenye meza ya misamaha waliona viwete wetu wakicheza ngoma harusini, na taratibu wakaacha kuziamini barua za kituo chetu. Hilo lilikuja kumwangukia mtu asiyekuwa na fimbo hata moja.

Mtu huyo alikuwa Makori. Alinunua ndizi kwetu na kuziuza soko la Daraja Mbili, kule Kisii. Alikuwa na mabega mapana kama mlango wa ghala, sauti nene, na kifua kikuu. Nyumbani alikuwa na mke na watoto wadogo, wote chini ya paa moja, na mtoto wa mwisho alipenda kulala kifuani pake. Hospitali kubwa ilikuwa imemruhusu arudi nyumbani kwa sharti moja: adungwe sindano kwetu kila siku, miezi mfululizo, asikose. Akikosa, ugonjwa ungerudi na nguvu mpya, ungemmaliza yeye na kumwendea yule mtoto.

Nitawaambia kidogo kuhusu sindano hizo, maana zenu mnazifungua kwenye karatasi na kuzitupa. Zetu zilikuwa za kuchemshwa, zenye bomba la kioo, nasi tulizidunga, tukazichemsha, tukazidunga tena hadi zikawa butu kama msumari wa mlango. Kabla ya kudunga ulipitisha ncha kwenye pamba. Ikinasa nyuzi, imepinda. Unainoa kwenye jiwe, unachemsha upya. Makori alikuwa na misuli migumu. Siku ya kwanza sindano iligoma, nikasukuma, naye akasema akiwa ameinamia meza, "Dresa, unanidunga au unanichimba?" Tukawa marafiki tangu hapo. Alikuja kila asubuhi kwa utani mpya na kikohozi kile kile, kisha kikohozi kikaanza kupungua.

Halafu msimu wa kodi ukafika, na Makori hakuwa na risiti. Mtaji wake wa ndizi ulikuwa umeliwa na ile miezi aliyolazwa. Bwana Ogeto alimwandikia barua ya ukweli mtupu. Makori aliipeleka kwenye meza ya misamaha, wazee wakamtazama yale mabega, wakatazamana, wakaangua kicheko.

"Huyu ndiye mgonjwa?" mmoja aliuliza. "Ogeto sasa ametuletea fahali."

Kifua hakichechemei, vijana. Hiyo ndiyo shida yake.

Na mwaka huo askari wa kanju walikuwa wamepata akili mpya. Waliona kwamba wanaume wote wanaokimbia sokoni hawawezi kukimbia ugonjwa, wakaja kusimama kwenye lango la kituo chetu. Mkubwa wao aliitwa Momanyi. Hakuwa sajini wa jeshi lolote, lakini alipenda kuitwa Sajini, na kaptura yake ilipigwa pasi hadi ungeweza kukatia mboga kwa ile mikunjo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa amri.

Bwana Ogeto alitoka kwenda kuzungumza naye, akarudi anafuta miwani. "Nitamfukuzaje?" alituambia. "Mshahara wake na wangu inatoka mfuko mmoja. Hata ile dawa ya Makori imenunuliwa kwa kodi. Waliolipa wameinunua, wasiolipa wanaiogopa." Alikuwa amesema kweli pande zote mbili, kwa hiyo hakuwa na la kufanya.

Foleni ya wanaume ilikauka. Akina mama na watoto walibaki, na benchi la sindano likawa tupu. Makori hakuja siku ya kwanza, wala ya pili. Siku ya tatu nilikwenda kumtafuta, nikamkuta bondeni kando ya mto, kwenye matete, amelala juu ya majani ya migomba yaliyolowa. Kikohozi kilikuwa kimerudi, nacho kilisikika kabla sijamwona.

"Hapa utakufa," nilimwambia.

"Nikiwa huru," alijibu. "Kule kwenye mabati nitakufa nikiwa nimebanwa na watu ishirini. Nichagulie wewe, Dresa."

Nilitoa bomba nililolifunga kwenye kitambaa nikamdunga palepale, mguu mmoja matopeni. Lakini sikuweza kuteremka bondeni kila siku na kuacha kituo, na matete yale yalikuwa yanamharibia kifua kuliko sindano ilivyoweza kukijenga. Nilirudi jikoni nikamweleza Mama Bosibori, kwa sababu ukiwa na shida kituoni ulikwenda jikoni. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua macho.

"Nani amesimama langoni?"

"Sajini Momanyi."

"Momanyi wa nani?"

Nilipotaja baba yake, kisu kilisimama. Kisha akaanza kutabasamu polepole, upande mmoja wa mdomo, kama mtu anayeonja asali.

"Huyo amemwoa Kerubo wangu," alisema. "Nisaidie kubeba mkeka."

Hapa lazima niwaeleze, maana siku hizi mnapiga picha na mama wakwe zenu mmewakumbatia. Sisi tulikuwa na chinsoni, yaani heshima yenye haya kati ya kizazi na kizazi. Mkwe hamshiki mkono mama wa mkewe. Hawatazamani usoni. Wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja huingia kichakani hadi mwingine apite. Na mama mkwe akiwa ameketi chini na kunyoosha miguu, mkwe hapiti hapo kabisa, hata kama nyumba yake inaungua upande wa pili. Tena mama wa mke wa ndugu yako ni mama mkwe wako pia, na wale askari wengine wawili walikuwa wa ukoo wa Momanyi.

Kesho yake asubuhi Mama Bosibori alitandika mkeka katikati ya lango, akaketi, akanyoosha miguu yake yote miwili, akaanza kumenya ndizi za wagonjwa.

Askari walikuwa wanapanda mlima wakipiga soga. Momanyi alikuwa mbele. Alipomwona, aligeuka haraka hivi kwamba wenzake walimgonga, na wote watatu wakaingia kwenye shamba la chai la watu. Tuliona kofia tu zikisafiri juu ya majani ya chai kuelekea bondeni. Bwana Ogeto, mtu ambaye sikuwahi kumwona akicheka kazini, aliingia stoo ya dawa na kufunga mlango, nasi tukasikia chupa zikitetemeka kwenye rafu.

Makori alirudi siku hiyo hiyo. Alipita nyuma ya mkeka, akainama kwa adabu. "Mama, Mungu akuongezee miguu."

"Pita, mwanangu, kabla ndizi hazijaisha."

Wanaume wengine wakafuata. Siku moja kanju ilimleta askari kutoka mjini Kisii, mtu wa mtaa wa Majengo, si wa kabila letu, asiyejua haya zetu. Huyo alipita mkeka bila wasiwasi, akamsalimu Mama Bosibori vizuri kabisa, akafika kwenye benchi na kuuliza risiti. Makori alimwuliza kama angependa kuketi. "Hii foleni ni ya kifua kikuu, ndugu. Tunakaribisha wageni." Yule bwana alirudi mjini na gari la kwanza.

Majuma yakapita hivyo. Makori alianza kunenepa mashavu. Nilidhani hadithi imekwisha, na kama ningekuwa mwongo ningeiishia hapo.

Asubuhi moja nilikuwa nachemsha mabomba niliposikia kikohozi kutoka nje ya ua. Mkikaa na kazi hii mtajua vikohozi kama mnavyojua sauti za majirani. Kuna cha baridi, kina haraka. Kuna cha moshi, kina hasira. Hiki kilitoka chini kabisa, kikavu, kikapumzika, kikaanza tena kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Nilitoka. Upande wa pili wa barabara, chini ya mkaratusi, alikuwa amesimama Momanyi peke yake. Kaptura haikuwa na pasi. Alikuwa ameshika kitambaa mdomoni, na alipokikunja haraka niliona doa.

Siwezi kuapa ugonjwa huo aliutoa wapi. Ila najua kwamba kabla ya ule mkeka, kile chumba cha mabati kilijaa wanaume waliokamatwa langoni petu kabla ya kufika kwenye sindano, na aliyekaa nao mlangoni usiku kucha alikuwa yeye.

"Sajini, ingia," nilimwambia.

Alielekeza kidevu langoni, bila kutazama. Mama Bosibori alikuwa mkekani, miguu imenyooka, amempa mgongo, kisu mkononi. Ua wetu ulikuwa wa miiba, mrefu kuliko mtu, na lango lilikuwa moja.

Basi nikawa mjumbe. Kati yao palikuwa na upana wa barabara tu, kila mmoja akimsikia mwenzake vizuri, lakini hapakuwa na neno lililoweza kupita bila kubebwa na mimi.

"Mwambie mama," alisema Momanyi, akitazama juu kwenye mkaratusi, "kwamba naomba njia. Ni mgonjwa."

Nikavuka. "Mama, anasema anaomba—"

"Mwambie huyo mwana wa watu nimesikia, mimi si kiziwi. Mwulize anataka njia ya nini. Ana risiti?"

Foleni nzima iligeuka kutazama. Nikavuka. "Anauliza kama una risiti."

"Mwambie mimi ni askari wa kanju."

"Mwambie kanju ije ikohoe yenyewe."

"Mwambie ile ilikuwa amri. Sikuitunga mimi."

"Mwambie na mimi sikuitunga miguu yangu."

Mtu mmoja kwenye foleni alianza kucheka akaziba mdomo kwa kofia. Makori peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye kibaraza, shati mkononi, ameinamisha sikio. Yeye alikijua kile kikohozi kuliko mimi. Nilivuka tena, viatu vimejaa vumbi, kuchukua jibu la Momanyi. Kikohozi kilimshika, kikamkunja, akashika mti kwa mikono miwili.

Nilipogeuka, mkeka haukuwapo. Mama Bosibori alikuwa ameukunja kwapani, karai la ndizi kichwani, tayari yuko nusu ya njia ya jikoni. Hakuwa amengoja ahadi yoyote. Alipopita karibu nami alisema kwa sauti ya chini, "Kerubo ana mimba. Sitaki mjukuu wangu azaliwe yatima kwa sababu ya kodi. Mdunge vizuri."

Momanyi alivuka barabara, akavua kofia alipofika mahali mkeka ulipokuwa, akaingia.

Kesho yake nilifika mapema kuona ni nani atakuwa langoni. Hapakuwa na mtu. Si mama mkwe, si askari. Nilikuja kusikia kwamba Momanyi aliwaambia wakubwa wake kuwa mahali pale hapafai kwa ukaguzi, pana upepo mbaya wa kifua, na kwamba yeye amejitoa mhanga kuthibitisha. Askari wakarudishwa sokoni, na wanaume wakawa wanakuja kituoni wakiwa wamenyooka.

Ninyi mtafanya kazi na mashine ambazo sitaweza hata kutamka majina yake. Lakini foleni ikipungua ghafla, msikae mkishangilia kwamba watu wamepona. Tokeni nje, mtazame kuna nini langoni. Linaweza kuwa jambo lililoandikwa mbali, na watu wema, kwa nia njema ya kununua dawa zile zile mnazozigawa.

Mwajua Makori na Momanyi walimalizaje? Walimaliza pamoja. Makori angetangulia, lakini zile siku za matete zilimrudisha nyuma ikabidi aongezewe, na Momanyi akamfikia. Miezi ya mwisho walikuwa wanaketi benchi moja, wanaingia pamoja, wanainama kwenye meza moja ndefu, suruali magotini, nami napita na bomba langu. Katika hali hiyo hakuna sajini. Walianza kwa kunyamaziana, wakafika kwenye bei ya ndizi, wakafika kwenye majina ya watoto.

Siku ya mwisho Bwana Ogeto aliingia, akasikiliza vifua vyao, akasema wote wawili wamepona na wanaweza kufanya kazi yoyote. Makori alicheka hadi meza ikatetemeka. Nikamdunga sindano ya mwisho. Ndipo Momanyi, akiwa bado ameinama kando yake, akageuza kichwa taratibu.

"Makori," alisema, "umesikia mwenyewe. Wewe si mgonjwa tena. Kodi."

"Ndiyo, Sajini," alijibu Makori. "Pandisha suruali kwanza, halafu unikamate."

Akapandisha yake, akachukua shati lake, akatoka mbio kupitia lango lililo wazi, kifua kimejaa hewa, bila kukohoa hata mara moja.